Makao ya Mjusi Ugenini

Ukarimu wa watu wa pwani ya Afrika Mashariki una taratibu zake. Mgeni akibisha hodi hukaribishwa, hupewa mahali pa kuketi, huletewa maji, hulishwa, hutandikiwa kitanda, kisha huulizwa habari za huko atokako. Taratibu hizo humfaa binadamu, na kwa sehemu kubwa huwafaa hata mbuzi, kuku na punda, kwa kuwa viumbe wote hao huja na joto lao ndani ya miili yao. Wakipewa chakula na paa la kuwakinga, mengine miili yao huyatimiza yenyewe. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye taratibu hizo hazimtoshi. Mgeni huyo ni mjusi. Apewe chakula kizuri, apewe maji safi, apewe na malazi laini. Kama amenyimwa jua atakufa, na pengine atakufa tumbo lake limejaa.

Kweli hii ni fupi kwa maneno, walakini watu wa Ulaya walihitaji zaidi ya karne mbili kuijua vema, na ada ya masomo hayo ililipwa na mijusi kwa uhai wao. Yafaa historia ya elimu hiyo ielezwe, kwani ndani yake mna jambo linalopita habari za mijusi: mna swali la nini hasa humfanya kiumbe aliyetolewa kwao ahesabiwe kuwa amepata makao. Wengi walidhani kuwa makao ni kuta na mlango. Mwanamke mmoja wa London alionyesha kuwa makao ni hiari ya kuchagua.

Katika nchi za jua haikuwa desturi kumjengea mjusi nyumba. Mjusi wa ukutani huingia nyumbani bila mwaliko, akajificha mchana katika makuti ya paa au nyuma ya kabati, na usiku hutoka kuwinda wadudu waufuatao mwanga wa taa. Kenge hukaa kando ya mito, huiba mayai, na jina lake limegeuka kuwa tusi. Methali isemayo kuwa katika msafara wa mamba na kenge wamo haikutungwa kwa kumsifu. Kinyonga naye huogopwa mahali pengi kama aogopwavyo nyoka, ingawa hana sumu. Viumbe hawa hawakumhitaji mtu awatunze, kwa sababu kila walichokitaka kilikuwa karibu nao: ukuta upigwao na jua la asubuhi, ufa wa kukimbilia adhuhuri, umande juu ya majani. Haja ya kumjengea mjusi nyumba ilizaliwa mahali ambapo vitu hivyo havipo. Ilizaliwa katika nchi za baridi, kwa watu waliotamani kuwa na kiumbe wa nchi za joto mbele ya macho yao.

Watu hao walianza na ujinga mkubwa. Pliny, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka 79, aliandika kuwa kinyonga hali wala hanywi, bali huishi kwa hewa tupu. Si ajabu kwamba neno hilo lilisadikiwa. Kinyonga huweza kukaa siku nyingi bila ya kula. Na maji yaliyo katika bakuli aghalabu hayaoni kuwa ni maji, kwa maana amezoea kunywa matone yaning'iniayo juu ya majani. Mtu aliyemwekea kinyonga bakuli la maji na kumwona haligusi alikuwa na haki ya kufikiri kwamba mnyama huyo hana kiu. Kosa lilikuwa kwamba mwenyeji alimpima mgeni kwa kipimo cha desturi zake mwenyewe. Imani hiyo ilidumu zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, na kinyonga aliyeangukia mikononi mwa walioishika alikufa njaa na kiu huku wenyewe wakistaajabia uwezo wake wa kufunga.

Katika karne ya 17 mjini Paris imani hiyo ilishambuliwa kutoka pande mbili. Upande mmoja alikuwa mtaalamu Claude Perrault, aliyempasua kinyonga na kutoa maelezo ya viungo vyake mwaka 1669. Upande wa pili alikuwa Madeleine de Scudéry, mwandishi mashuhuri wa hadithi, aliyepelekewa vinyonga hai kutoka Misri. Bibi huyu hakutumia kisu. Aliwatunza wanyama wake nyumbani, akawatazama siku kwa siku, akaandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1688. Mtaalamu alimjua kinyonga kwa maiti yake; bibi alimjua kwa maisha yake. Elimu zote mbili zilihitajiwa, lakini kwa mtu atakaye kumpa mjusi makao, elimu ya pili ndiyo iliyokuwa mlango. Kwa bahati mbaya mlango huo haukupitwa na wengi kwa muda mrefu baadaye.

Karne mbili zilikaribia kupita. Mwaka 1849 Chama cha Elimu ya Wanyama cha London kilifungua, katika bustani yake ya Regent's Park, nyumba ya watambaazi iliyokuwa ya kwanza ya namna yake duniani kwa watazamaji wa kawaida. Watu walimiminika kuwaona nyoka na mijusi wa nchi za mbali nyuma ya vioo. Nyumba ilitiwa joto, na waliokuwa wakiitunza walifanya kazi kwa moyo mwema, lakini elimu yao ilikuwa haba. Dalili moja ya uhaba huo ni mablanketi. Majoka makubwa yaliwekewa mablanketi ya kujifunika wakati wa baridi, na mwaka 1851 joka moja la jamii ya chatu lililimeza blanketi lake zima, likakaa nalo tumboni kwa wiki kadhaa, kisha likalitapika. Kisa hicho kilichekesha watu wengi. Walakini ndani ya kichekesho mlikuwa na fundisho ambalo halikuonekana upesi. Blanketi haliumbi joto. Kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisitoroke. Mtu akijifunika hupata joto kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye moto. Mtambaazi asiye na moto ndani yake akifunikwa katika baridi hupata giza tu.

Hapa yapasa maumbile ya mjusi yaelezwe, ili historia inayofuata ieleweke. Binadamu, ng'ombe na ndege hutumia sehemu kubwa ya chakula chao kama kuni: hukichoma mwilini ili wapate joto, na joto hilo hulishika katika kiwango kimoja usiku na mchana. Mjusi hana gharama hiyo. Joto lake hulikopa kwa jua, kwa jiwe lililopigwa na jua, au kwa mchanga. Ndiyo maana chakula kidogo kinachomtosha mjusi kwa siku nyingi hakingemtosha panya wa uzito ule ule hata kwa siku mbili. Lakini mkopaji huishi kwa hisani ya mkopeshaji. Jua likikosekana misuli ya mjusi hulegea, macho yake hufumba, na hata tumbo lake huacha kazi. Nyama aliyoimeza hukaa bila ya kusagika, na mwisho huoza ndani yake. Kwa sababu hiyo yule mwenyeji mkarimu aliyemlisha mjusi vizuri katika chumba cha baridi alikuwa akimpa sumu bila ya kujua.

Kuna deni la pili ambalo mjusi wa mchana hulikopa kwa jua, nalo ni la mwanga. Katika mwanga wa jua mna miale isiyoonekana kwa jicho la binadamu, iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani. Miale hiyo ikiifikia ngozi husababisha vitamini D kufanyika, na bila ya vitamini hiyo mwili hauwezi kuitumia kalsiamu ya chakula kuijenga mifupa. Katika miji ya Ulaya iliyojaa moshi wa makaa, watoto wengi waliota matege kwa kukosa miale hiyo. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kuwa watoto wenye maradhi hayo hupona wakiangazwa kwa taa itoayo miale ya namna hiyo. Basi ikawa wazi kwamba kioo cha kawaida cha dirisha, kinachopitisha nuru na kuizuia miale hiyo, ni mwizi asiyeonekana. Mjusi aliyekaa nyuma ya kioo mchana kutwa alionekana kuoga jua. Kwa kweli alioga kivuli chenye kung'aa.

Mtu aliyeyaunganisha mambo haya mawili, joto na mwanga, na kuyajengea nyumba, alikuwa Joan Beauchamp Procter. Alizaliwa London mwaka 1897, na tangu utoto aliwapenda watambaazi kama watoto wengine wapendavyo paka. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alikwisha kuwa na nyoka na mijusi wake mwenyewe, na mmoja katika hao, mjusi mkubwa wa Dalmatia, alikuwa mwandani wake hata mezani wakati wa chakula. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita alikuwa na mamba mdogo, na siku moja alimchukua mpaka darasani wakati wa somo la hesabu. Maradhi ya tumbo yaliyomwandama tangu ujana yalimzuia kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge kama alivyotarajia. Badala yake, mwaka 1916 aliingia katika idara ya watambaazi ya Makumbusho ya Uingereza kumsaidia bingwa George Albert Boulenger. Na Boulenger alipostaafu mwaka 1920, kazi ya idara ile ilibaki mikononi mwa msichana wa miaka ishirini na mitatu.

Moja katika kazi zake za kwanza za maana lilihusu mnyama wa Tanganyika. Arthur Loveridge, mtaalamu aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alipeleka London kobe wa ajabu wa vilima vya mawe, bapa kama chapati, mwenye gamba jepesi linalobonyea kwa kidole. Mwaka 1922 Procter alitoa maelezo marefu juu ya gamba la kobe huyo. Kobe wengine huutegemea uzito wa gamba. Huyu akishtuka hukimbia mbio na kujipenyeza katika ufa mwembamba kati ya mawe mawili, mahali ambapo adui hawezi kumfikia wala kumvuta. Nyumba yake si gamba, nyumba yake ni ufa. Atakayemweka kobe huyu katika ua tambarare, ulio safi na usio na jiwe, atakuwa amemvua nusu ya mwili wake. Hayumkiniki mtu kumjua kiumbe wa namna hiyo, kisha akaendelea kuamini kwamba chumba kitupu chenye bakuli la maji ni makao.

Mwaka 1923 Procter aliteuliwa kuwa msimamizi wa watambaazi katika bustani ya Regent's Park. Nyumba aliyoikuta ilikuwa imejengwa mwaka 1883, na fikira zake zilikuwa za zama hizo. Alianza mara moja kuchora nyumba mpya. Hakuwa msanifu wa majengo kwa cheo, lakini alijua kutengeneza vielelezo kwa mikono yake, na mipango yake aliifanya pamoja na msanifu Edward Guy Dawber. Nyumba ilifunguliwa mwaka 1927.

Uzuri wa nyumba hiyo haukuwa katika nguzo zake, ulikuwa katika mambo matatu. La kwanza ni joto. Zamani ilidhaniwa kuwa inatosha kupasha jengo zima joto la namna moja, kana kwamba nchi za joto ni chumba kimoja kikubwa chenye moto sawa kila pembe. Procter aliliweka joto la umeme mahali mahali ndani ya kila kizimba, chini ya miamba ya kutengenezwa na juu ya pahali pa kupumzikia, hata kizimba kimoja kikawa na upande wa moto na upande wa baridi. Jambo la pili ni mwanga. Alitumia taa za miale ile isiyoonekana, na vioo vya namna mpya wakati huo vilivyosifiwa kwa kuipitisha. Ijapokuwa baadaye ilijulikana kuwa vioo hivyo hupungukiwa na nguvu yake vikikaa juani muda mrefu, fikira iliyovileta ilikuwa sahihi. Jambo la tatu ni kivuli. Ukumbi wa watazamaji uliachwa katika giza kidogo, na nuru ikawa ndani ya vizimba. Watazamaji waliona vizuri zaidi, na wanyama hawakuwa tena mbele ya kundi la watu waliosimama katika mwanga mkali.

Katika mwaka ule ule wa 1927 walifika wageni ambao nyumba hiyo ilipata kujaribiwa kwao. Walikuwa mijusi wawili wa kisiwa cha Komodo na visiwa vya jirani, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Huyu ni kenge kwa ukoo, ila ni kenge ambaye wenzake wa mito ya Afrika wangeonekana watoto mbele yake: aliyekomaa huweza kufikia urefu wa meta tatu na uzito wa kilo sabini. Wataalamu walimjua kwa jina la kielimu mwaka 1912 tu, Pieter Ouwens wa Java alipotoa maelezo yake ya kwanza, na habari zake zilitiwa chumvi nyingi. Mwaka 1926 Mmarekani W. Douglas Burden alifunga safari mpaka Komodo, akarudi New York na wawili walio hai. Waliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, watu wakaenda kuwatazama, nao hawakuishi muda mrefu. Wale wawili wa London waliitwa Sumba na Sumbawa, kwa majina ya visiwa vya pande zile.

Magazeti yaliwaita majoka, na watu walingoja kuona ukali. Procter aliwatazama kwa jicho jingine. Alijua kwamba kenge wa Komodo kwao hutoka pangoni asubuhi akiwa mzito, hulala juani mpaka mwili upate moto, huenda kuwinda, hukimbilia kivulini jua likiwa kali, na jioni hurudi kujificha. Siku ya kenge ni safari kati ya jua na kivuli. Basi aliyetaka kumpa makao alipaswa kuihamisha safari hiyo, wala si kuhamisha mnyama peke yake. Katika nyumba mpya wageni wale waliweza kupanda mahali pa moto walipotaka na kushuka walipotosheka, na kwa njia hiyo sehemu ya uhuru wao ilirudishwa, ingawa kuta zilibaki kuwa kuta.

Matokeo yake yaliwashangaza watu. Mnyama aliyetarajiwa kuwa katili asiyefugika alitulia. Sumbawa alimzoea Procter hata akala kutoka mkononi mwake, akakubali kushikwa na kupapaswa, na akatembea pamoja naye bustanini miongoni mwa watu. Mnamo Oktoba 1928 Procter alimpeleka mbele ya mkutano wa wataalamu wa chama, akawaelezea habari zake, naye mwenyewe akiwapo hai kama shahidi. Wapo waliodhani kuwa bibi huyu alikuwa na uchawi au kipaji cha kuwatuliza wanyama. Yamkini kipaji alikuwa nacho. Lakini sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba mnyama asiyeumwa na baridi, asiyekosa pa kujificha, wala asiyelazimishwa kuwa mahali asipopataka, ana sababu chache za kupigana. Upole wa Sumbawa ulikuwa ni afya yake ikionekana kwa nje.

Procter mwenyewe hakuwa na afya. Alifanya kazi hii yote akiwa na maumivu, na mara kwa mara baada ya kupasuliwa. Mwaka 1931 Chuo Kikuu cha Chicago kilimpa shahada ya heshima, na katika Septemba ya mwaka huo huo alifariki dunia, umri wake miaka 34. Nyumba yake iliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka tisini.

Alichokijua kwa kutunza, wengine walikithibitisha kwa kupima. Mwaka 1944 Raymond Cowles na Charles Bogert walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya watambaazi wa jangwa la California. Walionyesha kuwa mjusi aliye huru hulishika joto la mwili wake karibu na kiwango maalum, si kwa moto wa ndani, bali kwa mwendo: huingia juani, hutoka juani, hugeuza ubavu, huinua tumbo kutoka mchangani. Ule usemi wa zamani kwamba mjusi ni mnyama wa damu baridi ukaonekana kuwa ni kweli nusu. Mjusi wa jangwa mwenye kazi zake huweza kuwa na damu yenye moto kuliko ya mtu amtazamaye. Damu yake huwa baridi pale anapozuiwa kuipasha.

Ushahidi mwingine ulikuja mwaka 1975, nao una uzito zaidi. Matthew Kluger na wenzake waliwatia mijusi wa jangwani vijidudu vya maradhi, kisha wakawaweka katika viwango mbalimbali vya joto. Ilikwisha julikana kuwa mjusi mgonjwa akiachiwa kuchagua huenda mahali penye moto zaidi kuliko desturi yake, yaani hujitafutia homa. Sasa ilionekana kuwa wale waliokuwa katika joto la homa walipona kwa wingi, na wale waliowekwa katika joto la chini walikufa kwa wingi. Basi hiari ya kwenda hatua mbili kuelekea taa si anasa kwa mjusi, ni dawa yake. Kizimba chenye joto la namna moja, hata likiwa joto zuri, humnyang'anya mgonjwa dawa hiyo.

Kutokana na elimu hiyo, utaratibu wa kumpokea mjusi mgeni nyumbani umekuwa mmoja katika nchi nyingi. Makao huandaliwa kabla ya mgeni kufika. Taa huwekwa upande mmoja na kivuli upande wa pili, na vipimajoto huwekwa kotekote, kwa kuwa mkono wa mtu ni kipimo kibaya. Mahali pa kujificha huwekwa katika pande zote mbili, ili mgeni asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Maji hutolewa kwa namna aijuayo mnyama: kinyonga hunyunyiziwa majani. Kisha mwenyeji huagizwa jambo lililo gumu kuliko yote, nalo ni kumwacha mgeni peke yake. Mjusi aliyetoka safarini aghalabu hukataa chakula siku za mwanzo, na kumshikashika kwa mapenzi humzidishia hofu. Methali humpa mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Mjusi hudai siku zaidi, na jembe hapewi kamwe. Kazi yote ni ya mwenyeji.

Lakini historia hii ina upande wa pili, na upande huo unazigusa nchi za Afrika Mashariki. Kadiri watu wa nchi za baridi walivyojua kumweka mjusi hai, ndivyo walivyozidi kumtaka. Elimu iliyookoa maisha ndani ya vizimba iliitia nguvu biashara ya kuwatoa wanyama katika misitu. Chini ya milima ya Uluguru, katika mkoa wa Morogoro, upo msitu mdogo wa Kimboza. Humo huishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya samawati yenye kung'aa, na maisha yake yamefungamana na miti ya jamii ya mkadi: huwinda hapo, hujificha hapo, huota jua hapo. Uzuri wake ulimletea balaa. Watafiti walikadiria kuwa kundi moja tu la wakamataji lilitoa humo mijusi zaidi ya 30,000 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, na mara nyingi miti ilikatwa ili walio juu wafikiwe. Mwaka 2012 mjusi huyo aliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuwasafirisha wanyamapori hai kwenda nchi za nje, na mwaka huo huo nchi zilizokutana Johannesburg chini ya mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini zilikubali mjusi wa Kimboza aingizwe katika orodha ya wale wasiouzwa kutoka porini.

Kenge wa Komodo naye alipatiwa hifadhi ya taifa katika visiwa vyake mwaka 1980. Hata hivyo, mwaka 2021 alitajwa kuwa yumo katika hatari, na moja katika sababu ni bahari inayopanda na joto la dunia linaloongezeka. Kiumbe ambaye maisha yake yote ni kuchagua kati ya jua na kivuli anaanza kupungukiwa na cha kuchagua, tena nyumbani kwake mwenyewe.

Pande hizi mbili za historia haziwezi kutenganishwa. Mtu aliyemkatia mjusi mti wake wa mkadi huko Kimboza, na mtu aliyemwashia taa nzuri huko Ulaya, wameshika ncha mbili za kamba moja. Huyu wa pili hawezi kujisifu kwa makao aliyoyajenga bila ya kuuliza ni makao gani yaliyovunjwa ili yeye apate wa kumjengea. Mijusi waliozaliwa na kulelewa katika vizimba humpunguzia lawama hiyo, na wafugaji wengi sasa huwachagua hao. Ila deni la kwanza linabaki kwa msitu.

Funzo la Procter lina faida katika pande zote mbili. Aliwafundisha wenyeji kuwa mgeni hapimwi kwa haja za mwenyeji, na kwamba kukaribisha ni kujua kwanza mgeni ameacha nini nyuma yake. Anayetaka kumweka mjusi katika nyumba yake yampasa aweze kujibu jua lake litatoka wapi, kivuli chake kitakuwa upande gani, na mgeni mwenyewe atakuwa na njia gani ya kwenda kutoka kwa kimoja mpaka kingine. Asiyeweza kujibu hana nyumba ya kumkaribishia, hata kama kioo chake ni safi na chakula chake ni tele. Na heri kwa wote wawili mjusi abaki katika ufa wa ukuta wake, ambako jua humfikia bila ya kutumwa na mtu.